Treni hupanda imejaa, hushuka tupu

Treni ya mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Nairobi hupanda imejaa. Ndani ya makontena mna vigae, nguo, vipuri, simu, mitambo. Inapanda kilomita 472, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Siku ya kushuka, makontena mengi yanarudi matupu. Injini inayavuta vilevile, dizeli inaungua vilevile, reli inachakaa na riba inahesabiwa, na ndani ya makasha hamna kitu ila hewa.

Mimi huwa naanzia hapo mtu akiniuliza kama mikopo ya China inazijenga nchi maskini au inazizamisha. Swali hilo linajibika, ila si kwa kuchungulia nia za watu wa Beijing. Linajibika kwa kuangalia treni inashuka na nini, kwa sababu deni la nje hulipwa kwa kitu kilichouzwa nje. Zege halilipi deni.

Miaka kumi hii mjadala umekwama kwenye maneno mawili: mtego wa madeni. Kisa kinachotajwa daima ni bandari ya Hambantota, Sri Lanka. Mwaka 2017 serikali ya huko iliikodisha kwa kampuni ya China Merchants Port kwa miaka 99, ikapokea dola bilioni 1.12, na dunia nzima ikaambiwa kwamba Mchina amechukua bandari kwa sababu mdaiwa ameshindwa kulipa. Haikuwa hivyo. Fedha zile hazikufuta mkopo wa ujenzi. Ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni, iliyokuwa inakauka kwa sababu nyingine, kubwa zaidi ikiwa hatifungani, yaani hati za mkopo, zilizouzwa kwenye masoko ya kimataifa, na mkopo wa bandari ukaendelea kudaiwa kama kawaida. Wachambuzi Deborah Brautigam na Meg Rithmire waliyaeleza haya mwaka 2021, lakini uvumi una miguu mirefu kuliko uchambuzi.

Mwaka huohuo wa 2021 uvumi ukahamia Uganda: uwanja wa ndege wa Entebbe umekwenda! Haukwenda. Ndege zinatua na kuruka mpaka leo. Ila waliousoma mkataba wa mkopo wa China wa 2015 kwa uwanja huo, wa takriban dola milioni 200, walikuta jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko uvumi wenyewe. Mapato ya uwanja yalitakiwa kupitia akaunti maalum, na mkopeshaji akapewa kauli juu ya jinsi yatakavyotumika. Mwenye uwanja ni Uganda, lakini ufunguo wa droo ya pesa una nakala mbili.

Kwa hiyo hadithi ya mnyang'anyi tuiweke kando. Inatupendeza kwa sababu inatufanya wote tuwe wahanga, na mhanga haulizwi alisaini nini.

Tatizo lenyewe, kwa maoni yangu, liko kwenye namna mradi unavyozaliwa. Katika hali ya kawaida nchi huona hitaji, hufanya upembuzi yakinifu, hutafuta fedha, kisha hutangaza zabuni. Miradi mingi ya mikopo ya China imezaliwa kinyumenyume: anayefika kwanza ni mkandarasi. Amekuja na michoro mkononi, anamfahamu waziri, na yuko tayari kufanya upembuzi bure. Wazo likikubalika, anaongozana na serikali hadi Exim Bank ya China, moja ya benki tatu za sera, yaani benki za serikali za kutekeleza mipango yake, zilizoundwa mwaka 1994 (China Development Bank ni mojawapo). Benki inaidhinisha. Shirika la bima la Sinosure linakatia mkopo bima, na mdaiwa ndiye anayeilipia. Fedha mara nyingi hata hazifiki katika nchi inayokopa; zinahamishwa kutoka benki kwenda kwa mkandarasi, pengine umbali wa mitaa michache tu hapohapo Beijing. Ikiwa ni mkopo wa masharti nafuu, kanuni ya kawaida inataka angalau nusu ya vifaa na huduma vinunuliwe China.

Hebu mhesabu kila aliyeko kwenye mnyororo huo. Mkandarasi analipwa mradi ukijengwa. Benki inalipwa riba, na nyuma yake kuna bima. Waziri analipwa kwa picha ya kukata utepe. Hakuna hata mmoja anayelipwa kwa sababu mradi umezalisha.

China haikubuni utaratibu huu ili kuwaonea Waafrika. Yenyewe ilipitia hukohuko. Mwaka 1978 Japani na China zilitia saini mkataba wa biashara wa muda mrefu: Japani ilete mitambo na teknolojia, China ilipe kwa mafuta na makaa ya mawe. Thamani yake ilikuwa dola bilioni 10 kila upande. Wajapani walipata soko la mitambo yao, Wachina wakapata viwanda, na viongozi wa Beijing wakajifunza kwamba nchi maskini yenye rasilimali inaweza kununua maendeleo kabla haijawa na pesa. Miaka ishirini na kitu baadaye wakaupeleka mtindo uleule Angola. Sababu za ndani nazo zilikuwepo. Kufikia 2014 akiba ya fedha za kigeni ya China ilikaribia dola trilioni 4, viwanda vya chuma na saruji vilikuwa vinazalisha kuliko mahitaji, na makampuni ya ujenzi yalikuwa na mitambo isiyo na kazi. Xi Jinping alikuwa ametangaza mpango wa Ukanda na Njia, wa kujenga miundombinu nje ya China, mwaka mmoja kabla. Pesa iliyotafuta pa kwenda ikakutana na nchi zilizotafuta pesa.

Kipo kitu kimoja ambacho hakikusafiri na mtindo huo. China ilipojijengea reli na bandari zake, viwanda vilikuwepo au vilikuwa vinajengwa pembeni. Shenzhen ilitangazwa eneo maalum la kiuchumi mwaka 1980. Barabara ilipofika, mzigo ulikuwa unasubiri. Huku kwetu reli imefika na bado tunaulizana mzigo uko wapi.

Turudi kwenye mkopo wa reli ya Mombasa hadi Nairobi, kwa sababu ndio ninaoweza kuufungua mbele ya msomaji kipande kwa kipande. Ulisainiwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola bilioni 3.2, ukiwa na sehemu mbili zinazokaribiana. Nusu moja ni ya masharti nafuu: riba asilimia 2, miaka 20, na miaka saba ya mwanzo bila kulipa deni la msingi. Nusu ya pili ni ya kibiashara: riba ya soko la London, ile iliyojulikana kama LIBOR, ukiongeza asilimia 3.6, kwa miaka 15, na miaka mitano tu ya kupumua.

Miaka mitano inasikika kama muda wa kutosha, mpaka ukumbuke kwamba reli haijengwi kwa siku moja. Treni ya kwanza ya abiria iliondoka mwisho wa Mei 2017. Kipindi cha kupumua kilikuwa kimeliwa zaidi ya nusu na tingatinga. Haikupita hata miaka mitatu tangu treni kuanza kukimbia kabla ya deni la msingi kuanza kudai haki yake. Hakuna reli duniani inayokomaa kwa miaka mitatu. Ni sawa na kupanda mnazi na kumwahidi mtu madafu msimu ujao.

Halafu ile riba inayoelea. Mwaka 2014 LIBOR ilikuwa chini ya asilimia moja, kwa hiyo mkopo wa kibiashara uligharimu takriban asilimia 4. Kufikia 2023 riba za dola zilikuwa zimevuka asilimia 5, ukiongeza 3.6 unakaribia 9. Mkataba ni uleule, reli ni ileile, bei imezidi mara mbili. Na shilingi? Mkopo uliposainiwa, dola moja ilikuwa chini ya shilingi 90. Januari 2024 ilifika 160. Abiria analipa nauli kwa shilingi, mwenye mzigo analipa kwa shilingi, na benki inasubiri dola. Mdai hakuhitaji kufanya hila yoyote hapo. Hesabu ilikuwa imekaa hivyo tangu siku ya kwanza, na upembuzi ambao ungeiona ulifanywa na kampuni ileile iliyopewa kazi ya kujenga, China Road and Bridge Corporation.

Mzigo ulipokosekana kwa hiari, ulitafutwa kwa amri. Makontena ya Nairobi yakaagizwa kupanda treni hadi bandari kavu ya Embakasi, mwenye mzigo apende asipende. Kutoka Embakasi bado ilibidi akodi lori limfikishie bohari yake, akalipia mara mbili safari ambayo zamani lori moja lingeimaliza. Njiani, kwenye miji iliyokuwa ikiishi kwa madereva wa malori kama Mariakani na Mtito Andei, mwenye gereji na mwenye nyumba ya kulala wageni hawakuhitaji mchumi kuwaeleza maana ya mradi wa kitaifa. Watu wa Mombasa waliandamana mwaka 2019. Septemba 2022, rais mpya alipoingia tu, agizo likaondolewa. Kipande cha pili cha reli, kilichokopewa dola bilioni 1.5 zaidi, kilipita bonde la ufa kikaishia nyikani, mbali na mpaka wa Uganda ambako ndiko kilikokuwa kinaelekea, kwa sababu Exim haikutoa fedha za kuendelea. Wakati huo benki ilikuwa imeshaanza kuuliza lile swali lililopaswa kuulizwa 2014.

Kenya haiko peke yake. Reli ya umeme kutoka Addis Ababa hadi Djibouti ilianza biashara mwanzoni mwa 2018, na kufikia Septemba mwaka huohuo waziri mkuu Abiy Ahmed alikuwa ametoka Beijing akitangaza kwamba muda wa kulipa umesogezwa kutoka miaka 10 hadi 30. Mtu ajiulize ni nani aliyeketi mezani akakubali kwamba reli ya zaidi ya kilomita 700 katika nchi yenye uhaba sugu wa dola ingejilipa kwa miaka 10. Laos nayo, nchi ndogo isiyo na bahari, ilifungua reli yake Desemba 2021 kwa karibu dola bilioni 6, fedha zinazokaribia theluthi ya pato lake la mwaka. Treni zake zina mzigo, tusiwaonee. Ila sehemu ya mzigo huo ni doriani za Thailand zinazopita tu kwenda China.

Angola ilikuwa na kitu cha kuuza, na hata hivyo ilibanwa, kwa mlango mwingine. Kuanzia 2004 ilikopa kwa kuweka mafuta rehani. Pipa likiwa dola 100, deni la bilioni moja ni mapipa milioni 10. Pipa likishuka hadi dola 50, deni lilelile ni mapipa milioni 20. Bei ilianguka kuanzia katikati ya 2014, na mwanzoni mwa 2016 ilishuka chini ya dola 30. Nchi ikawa inachimba kwa bidii ileile huku meli zake zikienda kulipa barabara na nyumba za jana, na hazina ikibaki mikono mitupu kwa mishahara ya leo. Wanaosifu mikopo ya kulipwa kwa mali ghafi kwamba ni salama husahau kusema ni salama kwa nani.

Hapa lazima niseme neno la upande wa pili, maana nikinyamaza nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza. Bila fedha za China, sehemu kubwa ya mabwawa, bandari na njia za umeme zilizojengwa Afrika tangu 2000 zisingekuwepo. Kituo cha Chuo Kikuu cha Boston kinachofuatilia mikopo hiyo kimehesabu zaidi ya dola bilioni 182 kwa Afrika kati ya 2000 na 2023. Benki ya Dunia ina mikopo nafuu zaidi, lakini kwa miaka mingi ilikuwa imejitoa kwenye miundombinu mikubwa na kuhubiri sera. Na anayedhani soko la hatifungani ni rafiki zaidi atazame Februari 2024, Kenya ilipokopa dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka ili ilipe hatifungani ya 2014. Shirika la Debt Justice lilikokotoa mwaka 2022 kwamba wakopeshaji wa China walikuwa wanashika asilimia 12 ya deni la nje la serikali za Afrika, na wakopeshaji binafsi wa nchi za Magharibi asilimia 35. Kelele zote zilikuwa upande wa 12.

Na nafuu ya riba peke yake haitoshi. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba kabisa, baada ya nchi za Magharibi kusema hailipi. Huwezi kupata masharti mepesi kuliko yale. Reli ikachoka hata hivyo, kwa kukosa matengenezo, vichwa vya treni na uongozi wenye nguvu wa kuamua. Sasa kampuni ya Kichina, CCECC, imeingia mkataba wa kuifufua na kuiendesha kwa miaka 30 kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, na pesa yake itarudi kutokana na mzigo. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko ahadi yoyote ya mkutano wa wakuu wa nchi. Safari hii Mchina mwenyewe anapata hasara treni ikishuka tupu.

Niguse siri kidogo, maana ndipo nisipomtetea mkopeshaji. Mwaka 2021 watafiti wa AidData, kituo cha utafiti cha Marekani, na wenzao walichapisha uchambuzi wa mikataba 100 ya mikopo ya China na nchi 24. Wakakuta vifungu vya usiri vinavyomzuia mdaiwa kutaja masharti, na vingine, katika karibu robo tatu ya mikataba, vinavyotaka deni liwekwe nje ya mazungumzo ya pamoja ya wadai. Madhara yake yalionekana Zambia. Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hatifungani. Serikali mpya ilipoingia mwaka uliofuata na kufungua makabati, deni la Wachina likaonekana ni karibu mara mbili ya lililokuwa likitajwa. Makubaliano na serikali zinazodai, ya dola bilioni 6.3, yalipatikana Juni 2023. Miaka miwili na nusu! China na Ufaransa waliongoza kamati pamoja, na China Development Bank ikahesabiwa kuwa mdai wa kibiashara, ikakaa meza nyingine. Yalipofika, masharti yalikuwa mazuri: muda hadi 2043, riba asilimia 1 mpaka 2037. Lakini kwa miaka hiyo miwili na nusu hakuna mwekezaji wa maana anayejenga kiwanda katika nchi ambayo haijui inadaiwa kiasi gani.

Beijing imejifunza, hilo liko wazi. Mikopo kwa Afrika, iliyovuka dola bilioni 28 mwaka 2016, ilikuwa takriban bilioni moja tu mwaka 2022 na 4.6 mwaka 2023. Tangu 2021 kauli inayorudiwa ni miradi midogo na mizuri. Mwaka huohuo Xi aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa ya mawe nje. Mradi wa makaa wa Lamu ulikuwa tayari umefutiwa leseni na mahakama ya mazingira ya Kenya mwaka 2019. Ahadi za mkutano wa China na Afrika wa Beijing wa 2024 zilitolewa kwa yuan, sarafu ya China, bilioni 360, na si kwa dola. Wakati huohuo zile bili za zamani zimeiva. Taasisi ya Lowy ya Australia ilikadiria kwamba mwaka 2025 nchi zinazoendelea zilitakiwa kuilipa China dola bilioni 35, kati yake bilioni 22 zikitoka kwa nchi 75 maskini zaidi. Mpaji wa juzi ndiye mkusanyaji wa leo, na kwa mkusanyaji udugu huwa hautajwi sana.

Oktoba 2025 Kenya ilitangaza kwamba imegeuza mikopo yake ya reli kutoka dola kwenda yuan, na kwamba itaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Ni hatua ya busara. Riba ya yuan iko chini sana. Ila yuan nazo zinatafutwa. Kwa kila dola moja ya bidhaa ambazo Kenya inaiuzia China, inanunua kwa zaidi ya kumi. Chai kidogo, madini kidogo, na tangu Agosti 2022 parachichi mbichi.

Nimelitafakari sana hilo parachichi. Ili likubalike China lazima litoke shamba lililosajiliwa, likaguliwe nzi wa matunda, lipoozwe mapema baada ya kuchumwa na libaki kwenye baridi isiyokatika wiki zote za safari. Linataka ghala la baridi karibu na mkulima, mkaguzi mwenye maabara, umeme usiozimika na kontena la jokofu lenye mahali pa kuchomeka waya juu ya behewa. Vyote hivyo vikijumlishwa kwa mikoa yote inayolima, gharama yake, kwa makisio yangu, haifiki hata ya kipande cha reli kilichoishia nyikani. Lakini mkandarasi wa kuja na michoro ya ghala la baridi, akafanya upembuzi bure na kumsindikiza waziri hadi benki, bado hajabisha hodi, na sijasikia waziri aliyetoka kwenda kumtafuta.